Jinsi ya kuangalia Olimpiki ya majira ya baridi ukiwa mwanafunzi na masomo yasilale

Mi ni mwanafunzi na hakuna mashindano nayapenda kama Olimpiki ya majira ya baridi, na kila ikikaribia kuna mtu lazima aniulize unaona nini pale, watu wanashuka mlima mmoja baada ya mwingine wote sawa tu. Ukiwa hujui macho uyaweke wapi ni kweli inachosha. Ukishajua mchezo unaamuliwa sehemu gani, dakika kumi tu zimekukamata hutoki. Kwaiyo naandika navyofanya mimi, chukua kinachokufaa.

Anza na ratiba, tena mapema, usisubiri sherehe ya ufunguzi. Michezo inakuja kila baada ya miaka 4, mwezi wa pili. Ya 2026 ya Milano na Cortina kule Italia iliwekewa tarehe 6 hadi 22 Februari na medali za dhahabu 116 za kugombania, inayofuata ni 2030 kwenye milima ya Alps ya Ufaransa. Medali 116 ndani ya wiki mbili na ushee hakuna binadamu anaziangalia zote, mwenye vipindi na asaimenti ndo kabisa. Ingia tovuti rasmi ya Olimpiki, chukua ratiba, hakikisha saa unazosoma ni za kwako na sio za nchi mwenyeji, alafu iweke pembeni ya ratiba yako ya masomo. Panapogongana na mtihani au prezentesheni futa hapo hapo, hiyo utaangalia marudio. Na usikariri kwamba fainali ni jioni, Pyeongchang 2018 kule Korea Kusini, figa sketingi, ule wa kucheza na kuruka kwenye barafu, ilikuwa inaanza asubuhi ya kule.

Sasa chagua michezo miwili. Miwili tu, hapa nasisitiza sana, kwa sababu wengi wanaokata tamaa ni wale wanaorukaruka kutoka mchezo mmoja hadi mwingine wakifukuzia medali, mwisho wa siku wameona majina na bendera ila mchezo wenyewe haujawaingia.

Ukiniuliza mimi, wa kwanza uwe bayathloni. Watu wanakimbia na skii, zile mbao ndefu za miguuni, kwenye theluji, bunduki mgongoni, wanapanda vilima mpaka pumzi inakata, alafu wanafika sehemu ya shabaha wanatakiwa watulie wapige shabaha 5 zilizo mita 50 mbele. Wakiwa wamelala chini, duara la kupiga lina kipenyo cha milimita 45, wakiwa wamesimama ni milimita 115. Ukikosa, kwenye mashindano mengi unazunguka kiduara cha adhabu cha mita 150 kwa kila risasi uliyokosa, na kwenye ile mbio ndefu ya mtu mmoja mmoja wanakuongezea dakika nzima. Kwaiyo macho yako yasiwe kwa anayeongoza njiani, yawe pale kwenye kusimama. Kamera ikimsogelea angalia mtutu wa bunduki unavyopanda na kushuka na kifua chake, anavuta pumzi, anaitoa nusu, anaishikilia, mtutu unatulia kidogo, anapiga, duara jeusi linageuka jeupe. Nne zimeingia, imebaki moja, na hapo ndo utaona kidole kinagusa kifyatulio alafu kinaachia, anashusha silaha kidogo, anapumua upya. Zile sekunde anazochelewa jirani yake ameshamaliza kaondoka. Mbio nzima inaweza kugeuka hapo, aliyekuwa wa kwanza anatoka wa nane, na we umeiona inatokea mbele ya macho yako. Sijaona mchezo mwingine unaoonesha wazi hivi mwili ukigombana na akili.

Wa pili chukua wenye mwendo tofauti. Mi nachukua kalingi, ule wa kusukuma mawe kwenye barafu huku wengine wanafagia mbele yake. Jiwe lina karibu kilo 20, mengi ya granaiti yake inatoka kisiwa kidogo cha Scotland kinaitwa Ailsa Craig, kila timu ina mawe 8 kwa raundi na raundi ni 10. Kufagia kunapunguza msuguano, jiwe linaenda mbali zaidi na halipindi sana kama lilivyotaka kupinda. Cha kufuatilia ni nani ana jiwe la mwisho, basi. Timu yenye jiwe la mwisho ikiona itapata pointi moja tu, mara nyingi inaamua kuacha raundi iishe bila bila ili ibaki na jiwe la mwisho raundi inayofuata, ukishaelewa hilo mechi nzima inakufungukia unaanza kubishana na kapteni kwa sauti chumbani. Inachukua masaa mawili na zaidi, kwaiyo ni ya siku ambayo huna kitu kesho yake asubuhi.

Kama moyo wako uko kwenye figa sketingi sawa, ila jua kwamba kuanguka sio mwisho wa mtu. Yuzuru Hanyu wa Japani alianguka mara mbili kwenye programu ndefu, ile ya pili, Sochi 2014 na dhahabu akachukua, sababu kila kitu kinahesabiwa, ugumu wa mruko, ulivyotekelezwa, na pointi za programu ya kwanza zinajumlishwa. Mruko rahisi kuutambua ni akseli, ndo pekee mtu anaondoka akiwa anatazama mbele, kwaiyo unakuwa na nusu mzunguko wa ziada kuliko mingine. Vyombo vya kushuka kwenye mfereji wa barafu navipitia haraka: luji unalala chali miguu mbele, skeletoni unalala kifudifudi kichwa mbele, bobsledi mnakaa ndani.

Alafu kuna hili, usizime ukidhani imeisha. Pyeongchang 2018, mbio za super-G za wanawake, zile za kushuka mlima kwa skii, wale wanaopewa nafasi wote walishashuka na Anna Veith wa Austria tayari wanampongeza, akaja Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech, namba 26 kifuani, mtu anayejulikana zaidi kwa snoobodi, ule wa kushuka na ubao mmoja, akamshinda kwa sekunde 0.01. Akasimama pale chini anaangalia ubao wa matokeo kama vile wamekosea. Wiki moja baadaye akachukua dhahabu nyingine, ya snoobodi. Waliobadilisha chaneli baada ya namba 20 walikosa yote.

Na wa mwisho kabisa naye mwangalie. Nagano 1998, mbio za skii za kilomita 10, Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda, alafu akasubiri kwenye mstari kama dakika 20, sherehe ya medali ikisimama, mpaka Philip Boit wa Kenya alipofika wa 92 akamkumbatia. Boit akamuita mwanawe Dæhlie. Hiyo mi nimeiona kwenye video mara nyingi na bado koo linakaba.

Mambo ya bando sasa. Angalia nani ana haki ya kuonesha kwenye nchi uliyopo, ukikosa kuna muhtasari kwenye chaneli ya YouTube ya Olimpiki. Kalingi na figa sketingi unaweza kushusha ubora wa picha na usipoteze kitu, ila hoki ya barafu usijaribu, kile kidude wanachokipiga ni kidogo na kinaenda kasi, kwenye picha hafifu hukioni kabisa. Ukiwa utaangalia marudio zima notifikesheni zote mapema, hata magrupu, na waambie mnaokaa nao wasikwambie matokeo. Mchezo mmoja kwa siku live na mmoja marudio baada ya kusoma, mi nimeishi hivyo na asaimenti zikaenda.

Ikiisha usiwe na huzuni, mwezi wa tatu Paralimpiki, ile ya wanamichezo wenye ulemavu, inafuata kwenye baadhi ya viwanja hivyo hivyo, na bayathloni ipo pia, wasioona wanalenga kwa kusikiliza mlio kwenye hedfoni unaobadilika kadri wanavyokaribia katikati ya shabaha. Tafuta siku yake kwenye ratiba uiweke sasa hivi.