Anza na ndoo ya rangi: kupunguza umeme wa taa ofisini kwa mwanga wa kuakisiwa

Wateja wengi hunipigia simu wakiwa wameshanunua taa. Nafika, naangalia juu, nakuta dari ya mbao iliyopigwa vanishi, au silingi bodi yenye madoa ya maji rangi ya chai. Taa ya kurusha mwanga juu ili urudi chini umetulia haina kazi kwenye dari kama hiyo. Nusu ya mwanga unaoulipia LUKU inamezwa hapo hapo.

Hatua ya 1: Pima dari

Pakua programu ya kupima luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) kwenye simu. Haifikii usahihi wa kipimo chenyewe, ila tunachotafuta ni uwiano tu. Panda ngazi, bandika mgongo wa simu kwenye dari, katikati ya taa na taa, kioo kikitazama chini. Andika namba. Sasa geuza kioo kitazame dari, shusha simu kama sentimita 30, na usiizibe kwa kichwa chako. Andika tena. Tuseme ya kwanza ni 120 na ya pili 54: dari yako inarudisha asilimia 45. Nyeupe safi hurudisha 80 na zaidi.

Hatua ya 2: Paka

Nyeupe kabisa, isiyong'aa. Muuza rangi atakusukumia ya siliki kwa kuwa inafutika kwa kitambaa. Kataa. Rangi inayong'aa huonyesha kila taa kama kioo cha kunyolea, na kero ya macho inarudi pale pale. Madoa ya maji yapige praima ya mafuta kwanza, baada ya kuziba bati, la sivyo mvua zijazo utayaona tena. Sehemu ya juu ya kuta nayo iwe rangi nyepesi.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Chukua chumba cha mita 6 kwa 8, meza sita, tyubulaiti 24 za futi nne. Kila moja ni wati 36, na choki yake, kile kifaa cha kuiwashia, inazifikisha kama 45. Jumla wati 1,080.

Kiwango cha Ulaya, EN 12464-1, kinataka luksi 500 mezani kwa kazi ya kusoma na kuandika. Mimi simwagi 500 chumba kizima. Naweka 300 kutoka darini, halafu kila meza inapata taa yake ndogo ya wati 8. Luksi 300 mara mita za mraba 48 ni lumeni 14,400 (lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga). Kwa dari nyeupe nakadiria nusu ya mwanga ndiyo inayofika mezani, na asilimia 20 nyingine naiachia vumbi na uchakavu: 14,400 ÷ 0.5 ÷ 0.8 = 36,000. Kwa LED za lumeni 120 kwa wati, hizo ni wati 300. Ongeza 48 za mezani, 348. Kwa dari ile ya asilimia 45, zile 300 zingekaribia 600.

Saa tisa kwa siku, siku 22: unaokoa uniti kama 145 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti yako. Kila wati ya taa huishia kuwa joto, kwa hiyo na kiyoyozi kinapumua kidogo.

Nisikudanganye: sehemu kubwa ya punguzo hilo ni kwa sababu ya kuachana na tyubu. LED za kawaida za kutazama chini, zikitoa 500 chumba kizima, zingekula wati 350 hivi, karibu sawa. Faida ya dari iko mchana. Nitaifikia.

Hatua ya 4: Ning'iniza

Zima meni swichi, na kazi ya nyaya mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Taa ikae sentimita 40 hadi 50 chini ya dari. Ikikaribia mno unapata mstari mkali wa mwanga na giza pembeni, kama zile LED za zambarau za sebuleni. Dari ikiwa fupi, tumia taa za ukutani zinazotazama juu, zaidi ya mita 1.8 kutoka sakafuni, mtu asione balbu.

Na angalia pangaboi. Ofisi yangu ya kwanza nilining'iniza taa chini ya mapanga. Jioni wakaliwasha, dari nzima ikaanza kupepesa vivuli. Mhasibu alivumilia siku mbili, ya tatu akaniita: "Fundi, njoo utoe disko lako." Nilihamisha taa zote kwa gharama yangu.

Hatua ya 5: Dirisha

Watu hufunga pazia kwa sababu jua linapiga skrini, halafu wanawasha taa zote saa nne asubuhi. Weka mapazia ya vipande vya kulala na uvielekeze juu: jua linatupwa kwenye ile dari uliyoipaka, linaingia ndani bila kumchoma mtu machoni. Mstari wa taa za dirishani uwe na swichi yake. Uzime, weka simu juu ya meza ya jirani. Ikisoma zaidi ya 300, hauna sababu ya kuwaka hadi alasiri. Mimi hubandika kikaratasi kwenye swichi: "Hii ni ya jioni."

Taa zinazotazama juu hukusanya vumbi, na msimu wa kumbikumbi hujaa mabawa. Zifute kila miezi mitatu kwa kitambaa kikavu, umeme ukiwa umezimwa.