Kuunganisha besi ya zamani na rova mpya kwenye upimaji wa ardhi

Kipokezi cha zamani cha GPS chenye masafa mawili, L1 na L2, bado ni chombo cha kazi, na mimi nikikipata nakifanya besi, yaani kipokezi kinachokaa mahali pamoja na kutuma masahihisho. Besi hukaa mahali peupe, haisogezwi, na anga ikiwa wazi udhaifu wa chombo cha zamani hauonekani sana. Rova, kipokezi unachotembea nacho, ndiyo inayopita chini ya miti na kando ya kuta, na huko chombo kipya hushika ishara hafifu vizuri zaidi.

Anza na hesabu ya setilaiti. Zinazofanya kazi ni zile tu zinazoonwa na vyombo vyote viwili. Rova inaweza kuonyesha setilaiti 30 za mifumo ya GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, lakini besi ikijua GPS peke yake, hizo nyingine hazikusaidii kupata fiksi, yaani jibu la usahihi wa sentimita. Kwa hiyo usisome idadi ya zinazoonekana, soma ya zinazotumika. Zikishuka chini ya tano, subiri.

Masafa ya L2 nayo yana jambo lake. Vipokezi vya zamani vilipima L2 kupitia msimbo wa P uliofichwa kwa matumizi ya kijeshi. Ishara ya kiraia, L2C, ilianza na setilaiti zilizorushwa kuanzia 2005, na kwenye L2 moduli ndogo za sasa kama ZED-F9P husoma L2C tu. Hakikisha rova yako inakubali vipimo vya L2 vinavyotumwa na besi. Isipokubali, utabaki na L1 peke yake na fiksi itachelewa sana.

Kabla ya kwenda saiti, washa kipokezi cha zamani uangalie tarehe. Namba ya wiki ya GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Programu yake ya ndani ikiwa haijasasishwa, faili zako zinaweza kubeba tarehe ya karibu miaka 20 nyuma, na kuzichakata baadaye itakuwa tabu.

Kisha chagua lugha ya masahihisho. Besi ikijua RTCM 3 (RTCM ni muundo wa kawaida wa kutuma masahihisho), washa ujumbe 1004 wa GPS, 1012 wa GLONASS, na 1005 au 1006 wa koordineti za besi. Ikijua RTCM 2.3 tu, tumia 18, 19 na 3, mradi rova izielewe. Ukigeuza, kipya kikawa besi, usitume ujumbe wa MSM, ule wa muundo mpya zaidi: ulikuja na toleo 3.2 la RTCM, na rova ya kabla ya hapo haitauelewa.

Kwenye redio zinazobeba masahihisho, linganisha masafa, nafasi kati ya chaneli (12.5 au 25 kHz), itifaki na kasi ya data hewani. Kimoja kikitofautiana, hupati kitu.

GLONASS inahitaji uangalifu. Setilaiti zake unazoziona kwa wakati mmoja hutangaza kwa masafa yanayotofautiana kidogo, na vipokezi vya watengenezaji tofauti huchelewesha masafa hayo kwa viwango tofauti. Ujumbe 1033 na 1230 uliwekwa ili kurekebisha hilo, ila besi nyingi za zamani haziutumi. Zima GLONASS kwenye rova uone. Ikiwa fiksi inakuja haraka zaidi na inatulia, iache imezimwa. Setilaiti saba za GPS zinazoelewana ni bora kuliko kumi na mbili zinazovutana.

Mengi ya hayo yakikosewa, chombo chenyewe kitakuonyesha: fiksi haiji au inachelewa. Ninachokihofia zaidi ni antena, kwa sababu kosa lake halionekani kwenye skrini. Koordineti za ujumbe 3 wa RTCM 2.3 ni za kitovu cha fezi cha L1, yaani pale ishara inapopimiwa, wakati 1005 hutoa za kitako cha antena. Kati ya pointi hizo mbili kuna sentimita kadhaa. Rova ikichanganya, fiksi inakuja vizuri kabisa na kila kimo unachopima kina kosa. Kwa hiyo taja aina ya antena kwenye vyombo vyote viwili, na uandike daftarini kama urefu ulipimwa wima au kwa mshazari na hadi alama gani ya antena. Upime tena kabla ya kukunja tripodi.

Halafu nenda kwenye alama mbili zinazojulikana, mbali na besi. Mashariki na kaskazini zikikubaliana lakini kimo kikatofautiana kwa kiasi kilekile kote, shida ni antena. Kila kitu kikisogea kwa kiasi kimoja, koordineti za besi ziliingizwa vibaya. Jibu likibadilika kila unapoanzisha fiksi upya mahali palepale, fiksi yenyewe si ya kuaminika: rudi kwenye GLONASS, au tazama kuta na mabati yanayoakisi ishara.

Muda wote huo acha vyombo vyote viwili virekodi data ghafi. Zibadili kuwa RINEX, muundo wa faili usiotegemea mtengenezaji, toleo 2.11 kwa cha zamani na 3 kwa kipya. Programu nyingi za kuchakata hupokea yote mawili pamoja, na alama unayoitilia shaka unaweza kuikokotoa upya ofisini, ilimradi ulikaa juu yake muda wa kutosha.