Somo: kuingiza imeili kwenye boksi la mtumiaji kwa dovecot-lda (Debian na Ubuntu)

Wakuu salamu. Watu wengi wakiseti seva ya imeili wanamaliza Postfix (inayopokea na kusafirisha imeili), wanamaliza Dovecot (inayompa mtumiaji boksi lake), halafu imeili haifiki na wanaanza kugusagusa kila faili. Katikati ya hizo mbili kuna kiprogramu cha komandi kinaitwa dovecot-lda, kinapokea meseji kwa stdin (yaani kile unachokimiminia komandi), kinaiweka kwenye boksi la mhusika, kisha kinarudisha namba. Basi. Kijaribu kwanza peke yake kwa mkono, Postfix usiiguse bado, utajua tatizo liko upande gani.

Hatua ya 1. Sakinisha:

apt install postfix dovecot-imapd dovecot-sieve

Cheki toleo kwa dovecot --version. Kama ni 2.3, kwenye /etc/dovecot/conf.d/10-mail.conf weka mail_location = maildir:~/Maildir. Kwenye 2.4 hiyo haipo tena, unaandika mistari miwili, mail_driver = maildir na mail_path = ~/Maildir. Angalieni sana hapa, masomo mengi ya zamani mtandaoni bado yana ile ya kwanza. Ristati Dovecot.

Hatua ya 2, na hii ndo roho ya somo. Ingia kama mtumiaji wa kawaida, tuseme asha, sio root:

su - asha
printf 'Subject: jaribio\n\nMambo vipi\n' | /usr/lib/dovecot/dovecot-lda
echo $?

echo $? inaonyesha ile namba. Ikitoka 0 imeingia, fanya ls ~/Maildir/new utaiona. Meseji inaandikwa kwanza kwenye tmp, ikikamilika ndo inahamishiwa new, kwa hiyo hata umeme ukikatika katikati hakuna mtu atafungua imeili akute nusu. Ikitoka 75 maana yake kuna shida ya muda, mara nyingi ni ruhusa za folda, na hii namba muiheshimu, maana Postfix ikiiona haitupi meseji, inaiacha kwenye foleni na kujaribu tena, kwa kawaida hadi siku 5. Una muda wa kurekebisha bila kupoteza barua ya mtu. Sababu yenyewe iko kwenye /var/log/mail.log au journalctl, tafuta neno lda.

Hatua ya 3. Sasa ndo Postfix:

sudo postconf -e 'mailbox_command = /usr/lib/dovecot/dovecot-lda -f "$SENDER" -a "$RECIPIENT"'
sudo postfix reload

Hizo alama moja moja za nje usiziache, ukiziacha shell inameza $SENDER kabla haijafika kwenye faili. Na kama ulikuwa na home_mailbox, haitasomwa tena, mailbox_command inatangulia.

Hatua ya 4. Kwenye /etc/aliases andika root: asha halafu sudo newaliases. Postfix haiendeshi dovecot-lda kwa nguvu za root, kwa barua za root inaiendesha kwa ruhusa za mtumiaji nobody ambaye hawezi kuandika kwenye boksi la root, zitagoma tu.

MASWALI

Swali: Mkuu nimeweka -m Kazi ili ziende folda ya Kazi lakini zote zinaangukia INBOX, na kosa sioni.

Jibu: Folda haipo. Ikikosekana haitengenezi yenyewe, inaweka INBOX ili meseji isipotee. Itengeneze kwa doveadm mailbox create -u asha Kazi, au weka lda_mailbox_autocreate = yes.

Swali: Watumiaji wangu sio wa Linux, wako kwenye database na wote wanatumia akaunti moja ya Linux, vmail. Nikiweka -d ya kutaja mpokeaji napata Permission denied kwenye soketi (mlango wa programu kuongea) ya auth-userdb.

Jibu: Ukiweka -d inabidi imuulize Dovecot huyo mtu boksi lake liko wapi, na inauliza kupitia hiyo soketi. Fungua 10-master.conf, ndani ya service auth kuna unix_listener auth-userdb, weka mode = 0600 na user = vmail, ristati. Usiweke 0777, unawafungulia watu wote wa kwenye seva waulize habari za watumiaji wako.

Swali: Kwa nini usitufundishe LMTP (njia nyingine ya Postfix kumkabidhi Dovecot meseji) moja kwa moja?

Jibu: Kama meseji ni nyingi nenda LMTP kweli, kwa sababu lda inaanzisha prosesi mpya kwa kila meseji na LMTP inakaa tu ikisubiri. Ila kwa seva ya ofisi ndogo lda inatosha kabisa, na kuijaribu ni printf moja tu.