Somo: Kutambua kiharusi mapema, na kwa nini utazame saa

Shangazi yangu alianza na chai. Ilimchuruzika pembeni mwa mdomo, mwenyewe hana habari. Tukamfuta, tukamtania, tukamwambia apumzike. Adhuhuri mkono wa kulia hauinuki na maneno hayatoki. Saa zile tulizomwacha alale ndizo zilizotugharimu.

1. Uso. Mwambie aonyeshe meno. Je, upande mmoja umeshuka?

2. Mikono. Afumbe macho, anyooshe yote miwili mbele, nawe uhesabu hadi kumi. Mmoja ukishuka wenyewe, ni dalili. Kwa mama zetu utaona hata kabla ya kupima: kanga haifungiki, au ndala imemvuka mguuni bila kujua.

3. Maneno. Arudie sentensi fupi. Sikiliza kama ulimi mzito, au anajibu kisichoulizwa. (Msiseme "kalewa" haraka.)

Kutoona ghafla, kuyumba ghafla na kichwa kuuma kwa kishindo navyo vimo.

4. Saa. Dalili moja tu yatosha kuondoka. Andika saa ya mwisho alipoonekana mzima, siyo saa mliyogundua. Kama kaamka hivyo, hesabu tangu alipolala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu saa hiyo uliyoandika, tena baada ya picha ya ubongo iitwayo CT scan. Kwa hiyo ulizieni hospitali yenye kipimo hicho.

Akilegea, mlaze ubavu. Asipewe uji wala maji, koo likipooza huingia mapafuni. Kumchua na kumtafuta mchawi, hapana.

MASWALI

Baba alipinda mdomo dakika kumi, akarudi sawa. Bado tumpeleke?
Leo hii, ndugu yangu. Kile ni kiharusi cha muda, kilichopita chenyewe. Kikubwa chaweza kufuata ndani ya siku chache.

Dada, nimpe aspirini njiani?
Usimpe. Kuna mshipa wa ubongo kuziba na kuna mshipa kupasuka, na kwa macho hatuvijui. Ukipasuka, aspirini inazidisha kuvuja. Vidonge vya presha pia msimwongezee. Ikishuka ghafla ubongo unakosa damu.

Mama ana kisukari, nitajuaje kama ni sukari tu?
Sukari ikishuka sana huiga kiharusi kabisa. Mkiwa na mashine, mpimeni gari likiwa njiani, mwandike namba mwende nayo. Gari likifika kabla hamjapima, pandeni.