Hundi za Mshahara Zimepotea na Jina Lako Limetajwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kikao cha Nidhamu

Mtumishi wa mahakama nchini Kenya akiandikiwa barua ya kumtaka ajieleze kuhusu hundi za mshahara zisizoonekana, mara nyingi hukimbilia kuandika majibu marefu ya uchungu usiku uleule. Tulia kwanza. Isome barua mpaka ujue unatuhumiwa nini hasa. Kuiba hundi ni tuhuma moja, kuzembea kuzitunza ni nyingine, na kuchelewa kutoa taarifa ni nyingine kabisa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja uzembe kazini na pia kushukiwa kwa kosa la jinai dhidi ya mwajiri kuwa sababu za kufutwa papo hapo, lakini utetezi wake haufanani. Aliyeshtakiwa kwa uzembe akijibu tu kwamba yeye si mwizi, hajajibu kitu. Barua isipotaja nambari za hundi, tarehe na kiasi, omba maelezo hayo kwa maandishi, na usiache siku ya mwisho ya kujibu ikupite.

Kazi kubwa ni kuifuata hundi mkono kwa mkono. Nani aliiandaa, nani walitia saini, ilitoka uhasibu siku gani, nani aliibeba hadi kituoni kwenu, ilikaa kwenye kabati au sefu ipi, funguo zilikuwa kwa nani, na mwenye mshahara alipaswa kutia saini daftari lipi. Yaandike haya kwa mpangilio wa tarehe ukiwa bado unayakumbuka. Kwa maoni yangu, hapa ndipo watumishi wa ngazi za chini huonewa zaidi. Karani au tarishi ndiye jina la mwisho daftarini, basi anabebeshwa lawama za wote waliomtangulia. Ilhali kutia saini kwamba umepokea bahasha iliyofungwa hakuthibitishi kwamba hundi zote zilikuwa ndani. Kama hukuhesabu ulipopokea, sema hivyo waziwazi, na ueleze utaratibu wa ofisi ulivyokuwa.

Kisha kuna upande wa benki, ambao watu wengi husahau. Je, hundi imelipwa au bado? Malipo yalisimamishwa lini, na kwa amri ya nani? Hundi iliyopigwa mistari miwili hailipwi dirishani kwa fedha taslimu. Sharti ipite kwenye akaunti, na akaunti ina mwenyewe. Tangu 2011 benki za Kenya hubadilishana picha za hundi badala ya karatasi zenyewe, kwa hiyo hundi iliyopita huko ina picha inayoweza kuombwa. Wewe binafsi huwezi kuidai benki siri za mteja wake, lakini mwajiri ndiye mwenye akaunti iliyotoa fedha, naye anaweza kuiomba. Mwandikie aifanye kazi hiyo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015 kinakupa haki ya kupewa ushahidi utakaotumika dhidi yako. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu maombi ndani ya siku 21, kwa hiyo omba mapema.

Usiguse daftari. Usiongeze saini iliyosahaulika, usirekebishe tarehe, wala usibebe nyaraka za ofisi kwenda nazo nyumbani. Omba nakala. Wenzako waliokosa mishahara wana kodi za nyumba na karo za watoto, na hasira yao ni ya haki. Lakini wao pia ni mashahidi, kwa hiyo usiwapigie simu kuwapanga watakalosema.

Shinikizo la kulipa ili yaishe litakuja, pengine kutoka kwa jamaa zako wenyewe. Kabla ya kutoa hata shilingi, pata ushauri wa wakili au wa chama chenu, kwa sababu malipo yasiyo na maelezo husomwa kama kukiri. Mahakama ya Juu ya Ufilipino, ambayo huwaadhibu yenyewe watumishi wa mahakama zote za nchi hiyo, imeshikilia mara nyingi kwamba kurudisha fedha hakufuti kosa la kinidhamu, na kwamba kujiuzulu hakuiondolei mamlaka ya kuendelea na shauri. Kwetu Kenya, anayejiuzulu kwa hofu hujifungia mlango wa kudai kwamba alifutwa isivyo halali, isipokuwa athibitishe kwamba alilazimishwa.

Nidhamu ya watumishi wa Idara ya Mahakama ni jukumu la Tume ya Huduma za Mahakama, chini ya Kifungu cha 172 cha Katiba. Siku ya kikao una haki ya kuelezwa tuhuma kwa lugha unayoielewa, na kufuatana na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemtaka. Mchague anayeweza kuandika kila swali na kila jibu. Nyaraka zikiletwa mezani kwa mara ya kwanza siku hiyo, omba kikao kiahirishwe na uhakikishe ombi lako limeandikwa kwenye kumbukumbu.

Jipange pia kifedha. Ukishtakiwa kortini kwa rushwa au uhalifu wa kiuchumi, Sheria ya Kupambana na Rushwa na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 inasema utasimamishwa kazi kwa nusu mshahara kuanzia tarehe ya mashtaka. Kuachiliwa na korti ya jinai nako hakuondoi tuhuma za kinidhamu moja kwa moja, maana vipimo vya ushahidi si sawa.

Ukifutwa kazi, andika tarehe ya barua mahali utakapoiona. Una miaka 3 ya kufungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambako fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12. Muda huo huhesabiwa tangu ulipofutwa, hata kama rufaa yako ya ndani bado haijajibiwa.