Namna ya kupima kama mboji ya bonde lako inapungua

Mabonde mengi ya Mufindi, Njombe na Makete, kusini mwa Tanzania, yana udongo mweusi na mwepesi ambao wakulima wa vinyungu, yaani bustani za bondeni, huutegemea kwa mahindi mabichi, maharage na viazi wakati wa kiangazi, mashamba ya mlimani yanapokuwa yamekauka. Mara nyingi udongo huo ni mboji, yaani mabaki ya matete, ndago na nyasi ambayo hayakuoza yote kwa sababu maji yaliyotuama yaliyanyima hewa, huku ubaridi wa nyanda za juu ukipunguza kasi ya vijidudu vinavyoozesha. Mboji hujengeka polepole mno, kwa kadirio la kawaida milimita 1 hivi kwa mwaka, hivyo tabaka la mita 2 ni kazi ya takriban miaka 2,000. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kulipima bonde kabla ya kulichimbia mfereji.

Anza na kina. Chukua nondo nyembamba ya urefu wa mita 3 na uisukume kwa mikono; ndani ya mboji itazama bila taabu, kisha itagoma ghafla ikifika kwenye mfinyanzi, au itakwaruza ikigusa mchanga. Rudia katika mstari kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine, kila baada ya hatua kumi, na uandike kina cha kila mahali.

Baada ya hapo chimba shimo moja la kina cha nusu mita na ukate ukuta wake kwa koleo lenye makali, ili tabaka zionekane wazi. Mstari wa mkaa unaonyesha moto uliowahi kupita. Mchanga au udongo mwekundu katikati ya mboji mara nyingi umeteremshwa na mvua kutoka mlimani, pengine baada ya miti kukatwa au shamba kulimwa bila makinga maji. Kwa walio upande wa Rungwe kuna jambo la kuzingatia zaidi: mlima huo ulilipuka kwa nguvu yapata miaka 4,000 iliyopita na kutawanya majivu na mawe mepesi, kwa hiyo si kila tabaka la kijivu limetokana na mkono wa binadamu.

Sasa chota konzi moja na uikamue. Yakitoka maji maangavu na nyuzi za majani zikabaki kiganjani, mboji hiyo bado ni changa. Ikiwa karibu yote inapenya katikati ya vidole kama uji mzito, imeoza sana. Chukua na bonge lililokauka juu ya tuta, ulitumbukize katika bakuli la maji: mboji iliyokaushwa kupita kiasi huelea na kukataa kulowa, na ikifikia hali hiyo ni vigumu mno kuirudisha ilivyokuwa.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha nguzo. Huko Holme, mashariki mwa Uingereza, nguzo ya chuma ilizamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 hadi kichwa chake kikawa sawa na ardhi, wakati ziwa la jirani lilipokuwa likikaushwa kwa ajili ya kilimo. Leo takriban mita 4 za nguzo hiyo ziko hewani. Maji yakiondoka, kwanza mboji hujikunja, kisha hewa huingia na vijidudu huigeuza kuwa hewa ya ukaa. Nawe pigilia nondo hadi ikae imara ndani ya mfinyanzi, weka alama ya rangi usawa wa ardhi, na upime kila mwaka katika mwezi uleule. Oktoba unafaa, maana maji huwa yameshuka sana.

Karibu na nondo fukia bomba la plastiki lililotobolewa matundu, na kila wiki teremsha kijiti ndani yake ili kujua maji yako umbali gani kutoka juu. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuweka bomba la pili katika bonde jirani lisilo na mifereji wala mikaratusi. Maji yakishuka kwa kiasi kilekile kote kuwili, yaelekea mvua zimechelewa au kiangazi kimerefuka. Yakishuka kwako peke yako, chunguza kwanza mfereji wako na miti uliyopanda. Bila bomba hilo la pili, ni rahisi mno kuisingizia hali ya hewa.

Ukikuta ni mfereji, uzibe kwa viroba vya udongo vilivyopangwa kama ngazi, kizuizi baada ya kizuizi, kwa sababu kizuizi kimoja kikubwa husombwa na mvua za Januari. Indonesia, iliyoteseka kwa moto wa mboji mwaka 1997 na 2015, iliweka kanuni kwamba katika mboji inayolimwa maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya ardhi, nacho ni kiwango kizuri cha kuanzia. Usichome nyasi bondeni hata kidogo, kwani moto ukiingia katika mboji kavu hufuka chini kwa chini kwa siku nyingi, na moshi huweza kuibuka mbali na pale ulipowasha. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Vipimo vyote viandikwe katika daftari moja, pamoja na tarehe ya mvua ya kwanza na ya mwisho ya kila msimu, na daftari hilo likae nyumbani kwa yule atakayelirithi shamba.