Viatu vya kazi visivyoteleza kwa mwenye maumivu ya miguu

Kazi nyingi ambazo wageni huanzia ughaibuni ni za kusimama: wodini, jikoni, ghalani, kwenye usafi, kwenye nyumba za kulelea wazee. Ni zamu ya saa 8 hadi 12 juu ya vigae au zege, na mwajiri ameshasema anataka viatu visivyoteleza. Mtu anaingia dukani, anabonyeza kiatu kwa kidole gumba, anakiona laini kama godoro, analipa. Wiki mbili baadaye kisigino kinawaka moto.

Ulaini wa kiatu na uwezo wake wa kushika sakafu havihusiani. Sakafu hushikwa na soli ya nje, yaani aina ya mpira na umbo la meno yake. Nafuu ya mguu hutoka kwenye soli ya kati, upana wa ndani na namna kiatu kinavyodhibiti kisigino. Ndiyo maana kuna viatu vinavyong'ang'ania sakafu yenye mafuta huku vikikuumiza, na vingine vya raha tupu vinavyokuangusha penye tone la sabuni. Anza na mahali panapouma, maana kiatu kinachomfaa mwenye kisigino kibovu kinaweza kumtesa mwenye maumivu ya mbele.

Panauma wapi hasa?

Kisigino kinachochoma katika hatua za kwanza baada ya kuamka, au ukisimama baada ya mapumziko, kisha kikatulia kidogo ukishatembea, mara nyingi ni tatizo la utando mnene unaopita chini ya unyayo kutoka kisiginoni hadi vidoleni. Kila tao la mguu linaposhuka, utando huo unavutwa. Kiatu bapa kabisa hakimfai mtu huyu. Atafute ambacho kisigino kimeinuka kuliko mbele kwa milimita 8 hadi 12, chenye kitu cha kushikilia tao na ukuta mgumu nyuma. Sponji laini mno huharibu mambo: mguu unazama, tao linalala, utando unavutwa zaidi kuliko ungekuwa kwenye soli ngumu kiasi.

Maumivu ya mbele, pale unyayo unapokutana na vidole, yanataka kinyume chake. Kisigino kikiinuka, uzito unasukumwa mbele, mahali palepale panapouma. Chukua kiatu chenye tofauti ndogo ya kimo kati ya kisigino na mbele, mbele papana, na soli ngumu iliyopinda juu kidogo kwenye ncha, ili mguu ubiringike badala ya kujikunja. Ukihisi kuwaka au ganzi kati ya kidole cha tatu na cha nne, yamkini kuna mshipa wa fahamu unaobanwa, na hapo upana huja kabla ya kitu kingine chochote.

Kifundo kilichochomoza kando ya kidole gumba kinahitaji sehemu ya juu isiyo na mshono mahali hapo, ya ngozi laini au kitambaa kinachotanuka. Ngozi bandia ngumu haitanuki hata uivae mwaka mzima. Wenye nyayo bapa waangalie zaidi ugumu wa kiatu katikati kuliko urefu wa tao: tao la juu sana huwa kama jiwe chini ya mguu.

Mwenye kisukari asitumie hisia zake kama kipimo, kwa sababu mishipa ya fahamu ikishaharibika, kiatu kinachochubua huhisi sawa tu. Apime kwa rula, akague miguu kila baada ya zamu, na soksi ziwe za rangi nyepesi ili doa la damu lionekane.

Kupima

Pima jioni, baada ya kazi, miguu ikiwa imevimba, tena ukiwa na soksi utakazovaa kazini. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, uzito wote ukiwa juu ya mguu huo. Mtu mwingine aweke alama kwenye kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe gumba. Ukiinama kujipima mwenyewe, mguu husogea na kipimo hutoka kifupi. Pima miguu yote miwili, chukua ulio mrefu, ongeza milimita 10 hadi 12. Huo ndio urefu wa ndani unaoutafuta.

Namba huwachanganya wengi. Hatua moja ya namba za Ulaya ni takriban milimita 6.7, ya Uingereza na Marekani ni takriban 8.5. Viatu vingi vya kazi huuzwa kwa namba za kiume hata vikiitwa vya wote, na kwa Marekani namba ya mwanamke hupunguzwa 1.5 kupata ya kiume: 8 ya kike ni 6.5 ya kiume. Kuna faida iliyojificha hapo. Upana wa kawaida wa kike Marekani ni B na wa kiume ni D, ambayo ni pana zaidi, kwa hiyo mwanamke mwenye mguu mpana anaweza kupata nafasi kwenye kiatu cha kiume cha kawaida bila kutafuta toleo maalumu. Kuongeza namba ili upate upana ni kosa la kila siku: kiatu kinakuwa kirefu, kisigino kinacheza, na sehemu ya kujikunja haikai tena chini ya maungio ya vidole.

Kiatu kikiwa mkononi

Kwanza toa soli ya ndani, iweke sakafuni, usimame juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika pembeni, hasa upande wa kidole kidogo, kiatu hicho ni chembamba, hata muuzaji aseme kitatanuka. Ikiwa soli hiyo imegundishwa haitoki, na wewe unatumia za kuagizwa na daktari, rudisha kiatu rafuni.

Halafu kikunje. Kipinde mbele, pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama kandambili, hakina uti. Kisokote kama unakamua nguo, kisikubali kirahisi. Bonyeza ukuta wa kisigino kwa vidole viwili. Ukibonyea mpaka ndani, haushikilii kitu.

Viatu vya kuchomeka visivyo na nyuma vinapendwa sana hospitalini na jikoni. Kwa mwenye maumivu sivishauri: vidole hukunjamana kama makucha kila hatua ili kiatu kisivuke, na utando wa unyayo hufanya kazi hiyo siku nzima.

Kushika sakafu: soma alama, si maneno ya sanduku

Ulaya na Uingereza kiatu cha kazi kisicho na kinga ya vidole hufuata kiwango cha EN ISO 20347, na chenye kinga inayohimili pigo la jouli 200 ni EN ISO 20345. Kwenye viatu vya zamani utakuta SRA, kilichopimwa kwenye kigae chenye maji ya sabuni. SRB, kwenye chuma chenye glisarini. Na SRC, kilichofaulu vyote viwili. Katika toleo la 2022 alama hizo ziliondolewa. Kipimo cha kigae chenye sabuni sasa ni cha lazima, na SR inamaanisha kiatu kimefaulu pia kwenye kigae chenye glisarini. Kwa jikoni yenye mafuta tafuta SRC au SR. Marekani angalia kiwango cha ASTM F3445. Ile F2413 inayoonekana kwenye buti nyingi ni ya kinga dhidi ya mapigo na mengineyo, si ya kuteleza.

Kama kazi haidai kinga ya vidole, usiichukue. Chuma hakitanuki, na mguu uliovimba saa ya tisa ya zamu hauna pa kwenda.

Geuza kiatu. Meno mengi madogo yenye mifereji inayofika hadi ukingoni ndiyo yanayofaa, kwa kuwa maji na mafuta lazima yapate njia ya kutoka. Mfereji uliozibwa pembeni huyafungia chini ya mguu. Meno makubwa ya buti la tope hugusa kigae sehemu chache mno. Na hakuna alama kati ya hizo inayohusu barafu. Mpira hukakamaa kwenye baridi, na changarawe za njiani hujichomeka kwenye mifereji. Vaa buti njiani, badilisha ukifika kazini.

Baada ya kununua

Vivae ndani ya nyumba saa moja au mbili kwa siku kadhaa, juu ya sakafu safi, ili uweze kuvirudisha. Kisigino kikipanda na kushuka, tumia matundu mawili ya mwisho: pitisha kila kamba kwenye tundu la juu la upande wake upate kitanzi, ingiza kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho, vuta kwenda chini, ndipo ufunge.

Ukiweka soli ya ndani nyingine, toa ya zamani kwanza. Mbili zikipandana huinua kisigino juu ya ukuta wake na kubana vidole. Kwa viatu vyenye cheti cha usalama, mwulize mtengenezaji ni soli zipi anazikubali, kwa sababu kiatu kilipimwa pamoja na ile iliyokuja nacho.

Mafuta yaliyoganda kwenye mifereji huua ushikaji hata kwa kiatu kipya. Sugua kwa brashi ya kucha, maji ya moto kiasi na sabuni ya kuondoa mafuta, suuza, kausha mbali na hita. Kuwa na jozi mbili za kupokezana kunasaidia, kwa kuwa kiatu chenye jasho hakikauki usiku mmoja.

Soli yenye kipara haina mjadala, lakini sponji hufa kabla ya meno. Weka kiatu mezani, kitazame kwa nyuma: kikiegemea upande mmoja, au makunyanzi ya soli ya kati hayaondoki, kimekwisha. Jihadhari pia na jozi ya bei ya kutupa iliyokaa stoo miaka mingi. Soli za poliyurethani, aina ya plastiki, huvunjwavunjwa na unyevu wa hewani hata zisipovaliwa, na siku moja zinamomonyoka kama keki iliyokauka. Tarehe ya kutengenezwa huchapwa kwenye viatu vyenye alama za Ulaya; itafute.

Mguu mmoja ukivimba na kuwa mwekundu, ganzi ikiingia, kidonda kikikataa kupona, au ukipata maumivu makali mahali pamoja juu ya mfupa yanayozidi ukikanyaga, usiendelee kubadilisha viatu. Nenda kwa daktari, na ubebe vile unavyovaa kazini: namna soli ilivyoliwa itamsaidia kuona unavyokanyaga.